Klamidia: Maradhi Yaliyovaa Joho

Katika Mji wa Kale, Mombasa, mgeni hupokewa barazani kabla ya kupitishwa mlango wa nakshi. Bakteria wa klamidia hajui adabu hiyo. Huilaghai seli ya mwili impokee, kisha hujificha katika kifuko ambacho vimeng'enya vya kuangamiza vijidudu havikifikii. Humo hula akiba ya mwenyeji, huzaana, na baada ya saa 48 hadi 72 hutoka kuvamia seli jirani.

Aghalabu mgonjwa hahisi lolote. Kwa mwanamke, maradhi yasiyotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, akatupiwa lawama za utasa, ilhali viuavijasumu vingaliyaponya mapema.

Kisonono na kaswende ni majina yaliyozoeleka. Klamidia limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya joho, nalo halimwelezi kitu bibi wa Kibokoni. Wanaisimu wasiwaachie madaktari pekee kazi ya kulieleza kwa Kiswahili fasaha chenye staha. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Lakini atafichuaje asiye na neno la kufichulia?