Sehemu ya 6: Lebo ya zebaki haijawahi kufika nyumbani kwako

Wiki iliyopita tulimaliza habari za kuhara kwa watoto, nikaahidi kwamba leo tunaongea zebaki. Najua wengi mnaonisoma mko Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola, Mwakitolyo na huko kote ambako mkate wa nyumba unatoka kwenye duara. Sijaja kumsema mtu kwa kazi yake. Mimi mwenyewe ada yangu ya shule ilitoka kwenye mawe ya kuponda.

Ila msimamo wangu niuseme mapema, anayetaka kununa anune sasa hivi. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba wanamolala watu, wala kwenye jiko la kupikia ugali. Hata kama ni kidogo, hata kama mvua inanyesha. Na mzigo wa kuhakikisha hilo asitwishwe mama peke yake.

Nianze na kosa letu sisi wauguzi. Miaka kadhaa nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi, aliletwa mtoto wa mwaka na nusu anakohoa, anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, mwili wa moto. Mama yake, tumwite Mama Kulwa, si jina lake, alikuwa mjamzito wa miezi minne na yeye anakohoa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tukaandika nimonia, tukaanza dawa, mtoto akapelekwa rufaa. Siku ya tatu bibi wa mtoto akaja kuchukua kadi, akaongea kama anapiga stori tu: "Hawa wameugua wote usiku ule ule, baba yao alivyochomea dhahabu ndani. Mvua ilikuwa kubwa."

Nilikaa kimya. Watu watatu nyumba moja, usiku mmoja, na hakuna kati yetu aliyeuliza mnafanya kazi gani nyumbani. Kifua cha mtoto kilipona. Miezi miwili baadaye familia ikahamia kwenye rashi nyingine, na ile mimba ikaendelea na kliniki mahali pengine.

Ndiyo maana naandika.

Sasa hiyo lebo. Umoja wa Mataifa una mfumo mmoja wa kuainisha kemikali kwa hatari zake, ili mtu akiona alama ajue, awe Japani au Geita. Zebaki ikitoka kiwandani inakaa kwenye chupa ya chuma yenye karibu kilo 34 na nusu, na chupa hiyo inatakiwa kuwa na picha tatu ndani ya miraba iliyosimama kwa kona, yenye mpaka mwekundu. Ya kwanza ni fuvu na mifupa. Ya pili ni kivuli cha mtu mwenye kitu kama nyota imepasuka kifuani. Ya tatu ni mti mkavu na samaki aliyekufa. Juu yake neno HATARI. Maneno yanayofuata, nikiyasema kwa lugha yetu ya kliniki, ni haya: ukiivuta kwa hewa inaweza kukuua, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ukiivuta mara kwa mara inaharibu viungo vya mwili, na ni sumu kali ya muda mrefu kwa viumbe vya majini.

Soma tena lile la pili. Mtoto aliye tumboni. Limeandikwa kabisa kwenye lebo.

Lakini wewe umeiona wapi hiyo lebo? Zebaki inakufikia imepimwa kwenye kichupa cha dawa, au kwenye kifuko cha nailoni, au chini ya chupa ya soda. Chupa ya chuma na picha zake imebaki kwa mwenye mzigo mjini. Kisheria anayeingiza au kuuza kemikali anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Sawa. Ila hatari inapungukiwa maelezo kila inapohamishwa chombo, mpaka inafika chini ya kitanda chako ikiwa kitu kinachong'aa tu, ambacho mtoto anakiona kizuri kuchezea.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanaogopa kuimeza, hawaogopi kuivuta. Zebaki ya maji maji ikimezwa, tumbo linafyonza kidogo sana na nyingi inatoka na choo. (Hata hivyo mtoto akimeza mlete kituoni, usimtapishe.) Ikigeuka mvuke na kuvutwa, mapafu yanachukua karibu asilimia 80. Kutoka hapo inaingia kwenye damu, inaingia kwenye ubongo, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi wa mkaa unaouona si wenyewe.

Lile donge mnalokamua kwenye kitambaa, karibu nusu yake ni zebaki. Likiwekwa motoni ile nusu haipotei. Inapanda, inagonga bati, inapoa, inarudi kama vitone vidogo kwenye ukuta, kwenye blanketi, kwenye neti ya mtoto. Siku ya joto inapanda tena. Yaani mmechoma Jumatatu, mtoto anavuta mpaka wiki nyingine. Na mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe, halafu anatambaa sakafuni kule kule vilikodondokea.

Dalili zikija kwa ghafla, baada ya kuchoma sehemu iliyofungwa, ni kikohozi, kifua kubana, homa, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni. Unaona zinavyofanana na malaria na nimonia. Zikija polepole, ni mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, hasira zisizo na sababu, fizi kuuma, mate mengi. Mtoto anaweza kuwa na viganja na nyayo nyekundu zinazouma na kubabuka, jasho jingi, analia tu. Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliopima watu Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta dalili za sumu hii hasa kwa wale wanaochoma. Mume akianza kumwaga chai kwa sababu mkono unatetemeka, usiseme ni uchovu wala usimsingizie bia.

Maziwa je? Naulizwa hili kila wiki. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Ila hayaondoi zebaki iliyoingia kwa mapafu. Zipo dawa za kusaidia mwili kuitoa, zinatolewa hospitali kubwa kwa uangalizi. Na nyie mnaonyonyesha, msije mkaacha kunyonyesha kwa woga wa post hii! Ni kweli watafiti waliopima maziwa ya mama wanaoishi machimboni Tanzania, Indonesia na Zimbabwe walikuta zebaki nyingi kwenye baadhi. Lakini chupa ya maziwa ya kopo na maji yasiyo salama vinaua watoto haraka zaidi. Endelea kunyonyesha, toa zebaki nyumbani.

Kuna watu wataniambia nesi, si useme tu "chomeni nje", mambo yaishe? Nilikuwa nasema hivyo. Kisha baba mmoja akanijibu vizuri, nami namheshimu kwa jibu lake: "Nesi, nikichomea nje kila mtu anajua leo nimepata. Usiku nitalala?" Alikuwa na haki. Watu wanachomea ndani kwa sababu ya wezi, kwa sababu ya mvua na upepo, na kwa sababu broka anasubiri. Kwa hiyo ninaposema mama asitwishwe peke yake, namaanisha wenye maduara, wenye mialo na viongozi wa vijiji watenge sehemu ya kuchomea, iwe na uzio na mlinzi, mbali na nyumba, na iwe na retoti.

Retoti ni kifaa cha chuma chenye mfuniko na bomba. Donge linachomwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, zebaki inarudi kuwa maji maji na inatumika tena. Wachimbaji wanalalamika kwamba inachelewesha na huioni dhahabu yako ikiiva. Kweli inachelewesha. Lakini ile zebaki si mnanunua? Mnaipeperusha ya nini? Mwenye duara anayeweza kununua pampu na karasha hawezi kushindwa retoti moja ya kikundi kizima. Hapo siwezi kuwaonea huruma.

Tena si jambo la hiari ya mtu. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unataka nchi ichukue hatua za kukomesha kuchoma donge wazi na kuchoma kwenye makazi ya watu, na unawataja watoto na wanawake wajawazito kama watu wa kulindwa. Jina lake linatoka kwenye mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi. Wapo akina mama kule walioonekana wazima kabisa, wakajifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Zebaki ile ilikuwa ya aina nyingine, iliyopitia kwenye samaki. Kwetu pia zebaki ya mwaloni ikifika mtoni inaweza kugeuka aina hiyo. Msiache samaki, lakini mjamzito apendelee dagaa na samaki wadogo kuliko sangara mkubwa sana, kwa sababu samaki anayekula samaki wenzake anakusanya zaidi.

Sasa ya nyumbani, ambayo unaweza kuanza nayo leo kabla viongozi hawajaamka.

Zebaki isilale chumbani. Kama ni lazima ikae kwenye boma, iwe kwenye chupa nzito ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, maji kidogo juu yake kuzuia mvuke, kwenye kistoo cha nje kilichofungwa, na uiandike wewe mwenyewe HATARI na uchore fuvu. Lebo imekufikia sasa. Usiiweke kwenye sufuria za alumini, inazila. Sufuria, kijiko au karai lililogusa zebaki halirudi jikoni, hata ulisugue kwa mchanga siku nzima. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasikamue wala wasikaribie pa kuchomea. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza watoto wanaochanganya zebaki kwa mikono kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, machimbo yakiwemo.

Ikimwagika ndani: watoa watoto kwanza, fungua milango na madirisha, vua pete na bangili za dhahabu maana zebaki inazishika na kuzigeuza nyeupe. Usifagie, ufagio unaipasua vitone vidogo zaidi. Isukume pamoja kwa karatasi ngumu mbili, inyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vilivyobaki vikamate kwa selotepu. Vyote weka kwenye chupa yenye maji, funga. Usimwage chooni, usitupe motoni. Ofisi ya madini au ya afya ya wilaya ikuelekeze pa kuipeleka.

Mengine mawili kwa haraka. Mkorogo: baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki, kwa hiyo unaweza kuikimbia mwaloni ukaipaka usoni. Na pemba, ule udongo mnaotafuna mkiwa na mimba. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito wa huko Geita walikuta madini yenye sumu, arseniki ikiwemo. Najua hamu yake, nimebeba mimba mbili. Ukiipata hamu hiyo njoo tupime damu, mara nyingi ni upungufu wa damu.

Wauguzi wenzangu mnaosoma, kadi ya kliniki haina kisanduku cha kuuliza nyumbani mnachoma dhahabu au la. Uliza hivyo hivyo, andika pembeni kwa kalamu. Mimi sasa namuuliza kila mama kabla sijamuuliza hedhi ya mwisho.

Na wewe mama, ukifika na mtoto anayekohoa, usisubiri tukuulize. Sema: "Nesi, nyumbani kwetu tunachoma dhahabu, mara ya mwisho ilikuwa siku fulani, mtoto alikuwepo." Kama unapanga jirani na broka anayechoma, sema pia. Hakuna atakayekupeleka polisi. Sehemu ya 7 ni sayanaidi.