Barafu njiani Nyahururu, na simu inayosema "dakika 28"

Leo siandiki kodi wala sikagui simu mpya. Leo naandika kuhusu barafu. Ndiyo, barafu, hapa hapa kwetu karibu na Mlima Kenya!

Rafiki zangu wa Mombasa wakisikia hivi hucheka. Anayeishi Nyeri, Nanyuki au Nyahururu hacheki. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mawe si mgeni huku. Septemba 2008, kilima cha Busara karibu na mji huo kiligeuka cheupe hata watu wakadhani theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe tu, punje zimegandana zikawa kama blanketi.

Sasa yaliyonipata mimi. Mwezi uliopita nilitoka Nyeri kwenda Nyahururu kumfungia mteja kompyuta. Mweiga jua kali. Nilipopita Ndaragwa mbingu ikawa nyeusi, halafu mawe yakaanza kupiga bati la gari. Dakika chache baadaye lami haikuonekana. Nikatazama simu. Programu ya ramani ikasema: dakika 28, njia nzuri. Mstari wa buluu safi kabisa!

Nikaiamini. Kwenye kona iliyofuata nilikanyaga breki, gari likaendelea na safari yake kana kwamba sijaligusa. Punje zile zilikuwa chini ya magurudumu kama gololi. Nilisimama tairi moja likiwa ndani ya mtaro. Matatu iliyotoka upande wa pili ikapunguza mwendo, ikawasha taa za dharura, dereva akateremsha kioo: "Kijana, mbele ni mbaya zaidi. Ngoja hapa nusu saa iyeyuke." Nikangoja. Ikayeyuka.

Jioni nilipiga hesabu, maana mwandishi wa programu haponi ugonjwa huo. Kwenye lami kavu, nikichukulia msuguano wa 0.7, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husimama baada ya mita 36 hivi tangu breki zishike. Kwenye barafu tupu, msuguano ukiwa 0.1, linahitaji mita 250! Lami iliyojaa mawe iko mahali fulani katikati. Ukipunguza mwendo hadi 40, zile mita 250 zinashuka hadi 63 hivi. Mwendo ukigawanywa kwa mbili, umbali unagawanywa kwa nne. Hesabu hii ndogo ina faida kuliko breki za bei ghali.

Lakini hoja yangu ni programu. Kwa nini simu haikujua? Ramani hizi hukadiria muda kwa kuangalia simu nyingine zinatembea kwa kasi gani njiani, na kwa kumbukumbu za siku zilizopita. Penye magari machache, kumbukumbu ndiyo hutawala, na kumbukumbu inasema huku ni kukavu. Utabiri wa hewa nao hauoni vizuri vitu vidogo. Modeli mashuhuri ya Ulaya, tangu 2016, hugawanya dunia katika vipande vya kilomita 9 hivi. Wingu langu la mawe huenda halikufika nusu ya hapo.

Kutojua si kosa. Kosa ni kunyamaza. Kila anayejifunza kuandika programu huonywa mapema kwamba "sifuri" na "haijulikani" si kitu kimoja. Ukiulizwa duka lina mifuko mingapi ya unga na hujahesabu, usiandike 0. Ramani yangu ilifanya kosa hilo hilo: hakuna aliyeripoti tatizo, basi hakuna tatizo. Mwanafunzi akileta kodi kama hiyo tunamrudishia.

Na dawa tunayo nyumbani. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Wakenya na rafiki zao waliunda Ushahidi, programu huria ya kukusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Februari 2010 theluji ilipofunga barabara za Washington huko Marekani, programu hiyo hiyo ilitumika kuonyesha barabara zilizoziba na watu waliojitolea kusaidia. Wamarekani wametoka kwenye theluji yao kwa programu iliyozaliwa Kenya, na mimi nasubiri dereva wa matatu ateremshe kioo!

Wengine watasema ripoti za watu huwa na uongo. Kweli. Basi ripoti isionyeshwe kama jambo la hakika mpaka watu wawili waseme, na ife yenyewe baada ya saa moja, maana barafu yetu haikai. Wengine watasema dereva asiguse simu. Kweli kabisa; abonyeze makanga. Vitufe vitatu vinatosha: mawe, ukungu, matope. Pasipo mtandao, itumwe kwa SMS. Na panapokosekana ripoti, mstari usiwe wa buluu. Uwe wa kijivu, uandikwe: "Hatuna habari." Maneno mawili tu, na mimi ningepunguza mwendo kabla ya ile kona.

Mpaka hapo, ndugu zangu wa Othaya, Karatina na Naro Moru, lami ikibadilika rangi mbele yenu, iaminini lami. Punguza mwendo mapema, usikanyage breki kwa nguvu, na anayekuja kutoka mbele akikuwashia taa, simama umsikilize. Yeye ametoka huko. Simu yako haijafika.