Paka wanapimwa moyo, ndugu wa marehemu je?

Ukipita Kariakoo utaona paka wakizunguka meza za samaki. Hakuna anayemjua baba yao. Lakini Ulaya na Marekani wako paka wa ukoo, kama Maine Coon, ambao wafugaji makini huwapima moyo kwa eko kabla ya kuwazalisha. Paka hao hurithi ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi, na mwaka 2005 watafiti walitangaza hitilafu ya jeni inayohusika.

Ugonjwa huo tunao na sisi binadamu. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 500. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Ndio uliobainika kwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon aliyeanguka uwanjani mjini Lyon, Juni 26, 2003, akiwa na miaka 28 tu.

Sasa mfikirie kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo asubuhi na kucheza mpira Jangwani jioni. Anaanguka, anafariki. Msibani tutasema katupiwa jini, au hakuwa amekula. Tunazika, matanga yanakwisha, na hakuna anayewauliza wadogo zake kama nao huzimia wakikimbia. Hapo ndipo ninapolaumu, na sisi madaktari tumo.

Mzazi, kama kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, mwambie daktari, hata kama siku hiyo umekwenda kwa ajili ya malaria. Wa kupimwa kwanza ni wazazi wa marehemu, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake. Huanza kipimo cha umeme wa moyo, kisha eko. Haviumi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko hapo Upanga, eneo la Muhimbili, si mbali na Kariakoo. Gharama ipo, sikatai. Anzia hospitali ya karibu, uombe rufaa.

Na mtoto wa miaka 8 akikutwa mzima, usitupe karatasi ya majibu. Unene huu mara nyingi hujitokeza wakati wa kubalehe au baadaye, hivyo vipimo hurudiwa.

Tofauti na paka, hakuna atakayekukataza kuzaa. Anayegundulika hufuatiliwa, hupewa dawa akizihitaji na ushauri kuhusu michezo na kazi nzito. Wachache huwekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo pale mapigo yanapovurugika.