Tusiombe Dawa Kabla ya Kujua Ugonjwa



Katika mkutano uliopita yalisemwa maneno mengi juu ya mikarafuu inayokauka matawi, na karibu kila aliyesimama alimaliza kwa ombi lile lile: Chama kinunue dawa. Dawa gani, hapana aliyesema. Sisi wawili, mume na mke, tulikaa kimya siku ile kwa sababu ya aibu, maana tumewahi kununua dawa namna hiyo, na habari yake si ya kumwinua mtu kichwa. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani tuliona kwamba aibu yetu yaweza kumfaa mwenzetu, basi twaiandika hapa.

Mwaka wa 2012 kazi ilitupeleka Ngara, katika Mkoa wa Kagera, mbali kabisa na bahari, pale Tanzania inapopakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na ya baridi asubuhi, na kila nyumba ina migomba yake. Kule mgomba si mti wa kupanda uani kwa ajili ya kivuli na ndizi mbili tatu za watoto. Ndio chakula cha kila siku, ndio pombe ya harusi na ya msiba, na mkungu ukipelekwa sokoni ndio daftari la mtoto wa shule. Samadi ya ng'ombe hupelekwa migombani, na nyasi hukatwa zikatandazwa chini ili udongo usikauke. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na shamba dogo nyuma yake, mashina kama arobaini, na mwenye nyumba alitukabidhi kwa neno moja tu, kwamba tulitunze.

Sisi tuliozaliwa chini ya mikarafuu tuliona kazi hii ni nyepesi. Mtu aliyekuzwa na mti unaongoja miaka kabla ya kuzaa atashindwaje na mgomba? Tukaanza kwa bidii ya mgeni. Siku ya Jumamosi moja tulichukua panga, tukakata majani makavu, tukapunguza machipukizi, tukapita shina kwa shina kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Pembeni palikuwa na mgomba mmoja wenye majani ya njano, yamelegea kama mwavuli uliovunjika. Kwa kuwa ndio uliokuwa na sura mbaya kuliko yote, tulianza na huo. Wanachama watafahamu baadaye kwa nini tumelieleza jambo hili dogo.

Baada ya wiki chache majani ya njano yalionekana katika mashina sita, kisha tisa. Mmoja wetu, hatutasema nani, alishika kwamba ni kiu, kwa kuwa ilikuwa kiangazi, basi tukachota maji kwa ndoo jioni baada ya jioni. Migomba haikusikia. Tukasema ni njaa, tukarundika samadi mbichi mpaka ikagusa mashina. Haikusikia vile vile. Mwisho tukaenda dukani. Mwenye duka alituuliza shamba lina nini, nasi tukamjibu kwamba linaumwa. Maskini, angefanya nini na jawabu hilo? Alitupa dawa ya ukungu, na tulipomrudia alitupa dawa ya wadudu, nasi tukanyunyiza zote mbili juu ya majani, tukavuta harufu yake usiku kucha, na fedha tuliyoiweka kwa nauli ya likizo ikaisha pale.

Aliyetufumbua macho ni mzee jirani, Mhangaza wa pale pale. Alikuja jioni kuamkia, akaona pampu imelazwa ukutani, akaomba aonyeshwe migomba. Hakutazama majani kwanza kama tulivyofanya sisi. Alitafuta mkungu ambao ndizi zake zilianza kuiva nazo bado changa, akachuma moja, akaipasua. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia kama chuma chenye kutu. Kisha alikata mgomba wenyewe, akatuambia tungoje. Tukangoja, tukisimulia habari nyingine, na baada ya muda si mrefu penye mkato pakatoka matone ya usaha wa njano.

"Hapa wanangu hapana dawa," alisema. "Hili ni la panga." Akaliangalia panga letu, akaongeza, "Na panga ndilo lililolitembeza."

Ule ulikuwa mnyauko wa migomba, ambao wengine huuita unyanjano. Kinacholeta ni bakteria, viumbe wadogo mno, wala si ukungu wala si mdudu wa kutafuna, na ndiyo sababu dawa zetu zote mbili zilikuwa kama kumpa mwenye homa dawa ya macho. Ugonjwa huu ulijulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960, kwanza katika mmea wa kule ufananao na mgomba. Mwaka wa 2001 ulionekana Uganda, mwaka wa 2005 Rwanda, na mwaka wa 2006 ulithibitishwa hapa Tanzania, katika Wilaya ya Muleba, mkoa ule ule wa Kagera. Hausafiri kwa uchawi. Nyuki na wadudu wengine huubeba wanapotembelea ua dume, yaani lile linaloning'inia chini ya mkungu. Mtu huubeba anapompa shemeji yake machipukizi ya kupanda. Na panga hubeba kuliko wote, kwa kuwa nyuki huchagua ua la kwenda bali panga la mkulima mwenye bidii halichagui. Sisi tulianza na mgomba mgonjwa, tukampa kila mzima sehemu yake, kwa zamu, bila kumsahau hata mmoja.

Bibi Shamba wa kata alipokuja alitufundisha kazi, na kazi yenyewe haikuwa na kitu cha kununua dukani. Mgomba wenye dalili ukatwe chini kabisa usawa wa udongo mara unapoonekana, usingoje kesho. Zamani walikuwa wakishauri kung'oa shina lote na mizizi yake, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wengi waliiacha katikati. Baadaye watafiti wakaona kwamba kuukata ule mmoja unaoumwa, tena na tena kila dalili inapotokea, hupunguza ugonjwa ikiwa mengine yanafuatwa. Mengine yenyewe ni haya. Ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, mara chana ya mwisho inapokwisha kutokea. Panga lipitishwe motoni kabla ya kwenda shina jingine, mpaka liwe la moto lisiloshikika, au lioshwe kwa jiki. Machipukizi ya kupanda yatoke katika shamba lisilo na ugonjwa. Basi.

Tulipoteza mashina kumi na saba. Mwenye nyumba hakutugombeza, naye alikuwa na haki ya kutugombeza. Alisema tu kwamba yale ya upande wa choo yalipandwa na mama yake. Tulitamani angetugombeza.

Mtu angedhani tulikwisha erevuka. Mwaka uliofuata tulihamia Biharamulo, wilaya jirani, nchi ya chini na ya joto zaidi, ambako muhogo una heshima kubwa. Hapa tulijua kwamba muhogo wenye batobato usipandwe. Batobato yaonekana kwa macho: jani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na wazee wa Biharamulo waikumbuka vizuri ile kali iliyoingia Kagera kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Basi tukachagua vipando vyenye majani mazuri kabisa, tukapanda robo eka, tukajisifu. Tulipovuna, mizizi ilikuwa na madoa ya kahawia makavu, migumu, haili mtu wala mbuzi. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na hila yake ni kwamba yaweza kuacha majani juu yakiwa na sura nzuri huku chini chakula chaoza. Storey aliuandika kule Amani, Usambara, tangu mwaka wa 1936, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ulikuwa mgeni. Wageni tulikuwa sisi. Siku hizi hatuchukui kipando cha mtu mpaka ang'oe shina moja mbele yetu tulione la chini. Wengine hutuona hatuna adabu.

Wala hatusemi kwamba dawa zote ni bure. Viwavijeshi wale wageni walioingia nchini mwaka wa 2017 walipovamia mahindi yetu tulinyunyiza dawa, nayo ilisaidia. Lakini ilisaidia kwa sababu tulimjua adui na nyumba yake: hukaa ndani ya moyo wa hindi, hutoka kula jua likipoa, basi tulinyunyiza jioni, tukaielekeza mle mle. Jirani aliyenyunyiza saa sita mchana aliosha majani tu.

Sasa turudi kwetu. Mwanachama atatuambia, "Hiyo ni migomba na mihogo ya bara, sisi tuna karafuu." Ni kweli. Lakini katika mikarafuu watu husema neno moja tu, "imekauka", kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na tangu zamani yajulikana kwamba magonjwa ni zaidi ya mmoja. Kuna ule wa kufa ghafla, ambao mti mkubwa mzima hugeuka majani na kufa kwa muda mfupi, na ubaya wake huanza chini, katika mizizi midogo inayonyonya. Nutman na Sheffield walitoa utafiti wao juu ya ugonjwa huo mwaka wa 1949, na katika miaka ya 1950 ikaonekana kwamba ni kazi ya ukungu. Na kuna huu wa matawi kukauka moja moja, ambao ni ukungu mwingine, nao huingia penye jeraha, kisha hushuka katika tawi kuelekea shina. Sasa dawa ya kunyunyiza juu ya majani, ambayo ndiyo iliyoombwa mkutanoni, yamfikiaje yule wa mizizini? Na huyu wa jeraha, jeraha analipata wapi?

Twajua sote analipata wapi. Tazameni mkarafuu baada ya mavuno. Mchumaji amelipwa kwa pishi, ana haraka, ameuvuta upembo mpaka tawi limepasuka likaning'inia, na mwenye shamba yuko chini ahesabu pakacha, hatazami juu. Matawi yaliyovunjika huachwa vile vile mpaka msimu mwingine. Kisha twakuja mkutanoni na kumwomba Mwandishi wa Chama anunue dawa kwa fedha za wanachama, nasi ndio tuliofungua mlango.

Tumesikia hoja ya kwamba kumkataza mchumaji asivunje tawi ni kumfanya aende kwa jirani asiyemkataza. Hoja hii ina uzito, hatuipuuzi, kwani mchumaji naye ana watoto. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja. Likiamuliwa na Chama kizima, kwamba msimu ujao kila mwanachama atatoa ngazi nzuri na hatampa kazi avunjaye matawi ovyo, mchumaji hatakuwa na pa kukimbilia, naye hatapoteza kitu, maana kwenye ngazi hatateguka mguu. Ngazi yagharimu fedha, ndiyo. Lakini fedha iliyotakiwa kwa dawa isiyo na jina ingenunua ngazi ngapi?

Basi ombi letu kwa Halmashauri ni kwamba shauri la dawa lisipigiwe kura katika mkutano ujao. Badala yake aitwe Bwana Shamba, apelekwe katika mashamba matatu au manne yaliyolalamikiwa, akate mbele yetu, achimbe mizizi mbele yetu, atuambie kila mti una nini. Akisema kuna mti wenye ugonjwa unaotibika kwa dawa, akaitaja dawa hiyo kwa jina na kipimo chake, sisi tutakuwa wa kwanza kuinua mkono na kutoa sehemu yetu. Na kwa matawi yaliyokwisha kauka hapana haja ya kumngoja: yakatwe sasa, chini ya pale palipokufa, mpaka kwenye mti mzima wenye afya, yachomwe moto, na panga lisafishwe kabla ya kupanda mti wa pili.

Siku atakayokuja Bwana Shamba sisi tutaleta jiko la mkaa la kuchomea mapanga. Atakayekuja na panga lake tunamwomba asilisahau, kwani letu moja halitatosha.