Suruali moja ya mlimani: mzazi, chagua hivi

Mvua za vuli zimeanza kupiga mabati hapa Moshi, na nyumbani kwangu mjadala wa wiki nzima ulikuwa suruali.

Kijana wetu wa pili, mwenye miaka 20, amemaliza mafunzo ya ufundi na bado hajapata kazi. Rafiki yake amemtafutia nafasi ya kupanda mlima na wageni mwezi Desemba kama mgumu, yaani mpagazi. Ni safari yake ya kwanza. Alinifuata jikoni akasema, "Mama, viatu nimeazima kwa kaka, koti la mvua nimepata. Imebaki suruali, na nina elfu 20 tu."

Baba yake alikuwa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Akajibu bila kugeuka, "Vaa jinzi yako. Sisi tulipanda na jinzi na tukarudi."

Nikanyamaza, lakini sikuridhika. Najua wapo vijana wa mkoa huu waliofia mlimani kwa baridi, na hawakuwa wazembe. Nguo zao ndizo hazikutosha.

Tatizo la mlima wetu ni kwamba ndani ya siku chache mtu anapita nchi nne. Geti la Machame ni msitu, tope na mvua. Juu yake ni vichaka na upepo. Kisha jangwa la mawe, halafu barafu. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Kwa hiyo siku ambayo wewe unajipepea na kanga uani, mwanao huko juu yuko kwenye baridi pungufu kwa zaidi ya nyuzi 20, na usiku maji yanaganda. Mgeni ana suruali tatu au nne za kubadilisha. Zimo kwenye begi, na begi analibeba mwanao.

Jumamosi tukaenda soko la Memorial, mimi na yeye. Belo la kwanza tulilokuta limefunguliwa lilikuwa na suruali nzuri za mabaka, zile za rangi ya majani na magome. Kijana akazing'ang'ania. Nyingi ya hizo ni suruali za wawindaji wa Marekani, ambao huko kwao huingia porini Septemba hadi Novemba, kwenye umande na baridi ya asubuhi. Mabaka ni ya kumficha mwindaji asionekane na mnyama. Kama vazi la porini, hazina kasoro.

Lakini kwetu raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi. Mtakumbuka Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Mwanangu anapita geti la hifadhi mbele ya askari, sitaki aanze kazi kwa kujieleza. Nikamwambia airudishe. Muuzaji akacheka, "Mama, ninazo za aina hiyo hiyo, rangi moja." Akatoa ya kijani kibichi na ya kahawia. Hapo ndipo kuchagua kulipoanza.

Kwanza, kitambaa. Geuza kiuno, tafuta lebo ya ndani. Neno "cotton" ni pamba, na pamba ikiongoza, weka chini. Jinzi na kadeti ni pamba. Hunywa maji, huwa nzito, na hazikauki. Tafuta iliyoandikwa "polyester" au "nylon", nyembamba kiasi lakini ngumu. Kama lebo imekatwa, dondoshea tone la maji. Likizama papo hapo na kutanda kama kwenye shuka, iache.

Pili, mwache achuchumae hapo hapo sokoni, kisha apandishe mguu juu ya kiti. Asione haya. Mzigo wa mgumu hupimwa getini, na kiwango ni kilo 20, bila kuhesabu vitu vyake mwenyewe. Mtu mwenye mzigo huo akipanda mawe ya Barranco, suruali inayobana mapajani inamchosha, na yenye mshono uliolegea kati ya miguu inachanika. Vuta mshono huo kwa mikono miwili uone kama nyuzi zinafunguka.

Tatu, iwe na nafasi ya kuvaa taiti ndani. Hapa wazazi wengi tunakosea. Tunashika suruali nene yenye bitana, tunasema hii ina joto. Akipanda nayo kwenye msitu atalowa jasho, na jasho hilo likikutana na upepo wa juu ni sawa na mvua. Heri suruali nyepesi, na taiti ya kuongeza baridi inapozidi. Kwa njia hiyo suruali moja inafaa msituni na inafaa juu.

Nne, mifuko yenye zipu, walau mmoja. Kitambulisho, simu na hela yake vikae humo hata akiinama.

Tano, urefu. Miguu isiburuze. Upindo ukishika tope, unapandisha maji hadi magotini.

Tulipata ya kahawia kwa elfu 15. Fundi cherehani akapunguza urefu na kurudia mshono wa kati kwa elfu 2.

Jioni nikafanya jaribio ambalo nakuomba nawe ulifanye, kwa sababu maneno ya mama peke yake hayatoshi. Nililoweka jinzi yake na ile suruali mpya kwenye ndoo moja, nikazikamua, nikazitundika barazani pasipo jua. Tulipomaliza kula na kuosha vyombo, ile ya kahawia ilibaki na unyevu kidogo kiunoni. Asubuhi jinzi ilikuwa bado imelowa, mifuko na mishono yote.

Baba yake alitoka na kikombe cha chai, akaishika ile jinzi, akakaa kimya. Kisha akamwambia kijana, si mimi: "Ile safari yangu ya kwanza mvua ilitupiga siku nzima hadi Shira. Niliivua jinzi nikaitundika nje ya hema. Asubuhi ilikuwa imeganda, ngumu kama bati. Nikaivaa hivyo hivyo, sikuwa na nyingine. Sikuhisi miguu mpaka saa nne." Miaka 23 ya ndoa, sikuwahi kuisikia habari hiyo. Ninachokijua mimi ni kwamba alirudi na hela, tukanunua godoro.

Nikaelewa kwa nini vijana wetu hawasemi. Wanaitwa wagumu, na mgumu halalamiki. Kwa hiyo mzazi, usisubiri mwanao akwambie ana baridi. Muulize kabla hajaondoka: utatembea na suruali gani, na utalala na ipi?

Ndiyo, ya kulala ni nyingine. Suruali moja niliyoizungumzia ni ya kutembea. Ya kulala inaweza kuwa trakisuti yake kuukuu ya shuleni. Ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, fundo likazwe, isiguswe mpaka awe ndani ya hema. Hata ikinyesha siku sita, ana kitu kimoja kikavu.

Kama hata hiyo elfu 15 haipo, usimruhusu apande hivyo hivyo. Hapa Moshi mjini upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, unaojulikana kama KPAP, ambao huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo na wao huzirudisha wakishuka. Aende kabla ya siku ya safari. Kuazima si aibu. Hata viatu vya mwanangu ni vya kuazima.

La mwisho ni jiko. Kitambaa hiki kinachokauka haraka huyeyuka kikikaribia moto, na kikiyeyuka hushika ngozi. Asisogeze mguu kwenye jiko la mpishi. Wala asiingize jiko kwenye hema la kulala ili akaushe nguo au apate joto. Jiko likiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Mwambie hilo mara mbili, hata akikwambia, "Mama, nimeshasikia."

Kijana ameshapanga begi lake, bado wiki tatu. Jana usiku nilimkuta baba yake kalifungua, anaangalia fundo la ule mfuko wa nailoni. Akalifungua, akalifunga upya, akalikaza.

Nawe kama una kijana wa mlimani, kagua begi lake leo. Tukutane wiki ijayo.