Panya wa Chicago na hesabu ya ujira

Mpita njia katika mitaa ya Chicago au New York huweza kukuta panya wa plastiki aliyejazwa upepo, mrefu kuliko mlango, meno nje. Si tangazo la sumu. Chama cha wafanyakazi kinalalamika kuwa mwenye jengo amempa kazi mkandarasi anayelipa chini ya kiwango.

Panya huyo, Scabby, alianzia Chicago mwaka 1990. Julai 2021 bodi ya uhusiano kazini ya Marekani ilikataa kumpiga marufuku.

Nguvu yake ni moja: wateja wakisita mlangoni, ujira mdogo huacha kuwa nafuu. Mkulima mwenye ghala anaelewa haraka: panya hula asipolima.