Chai ya Olenguruone na Dola za Karachi

Uhusiano wa Kenya na Pakistan umeegemea jani moja. Zaidi ya thuluthi ya chai ambayo Kenya huuza nje hununuliwa na Pakistan. Mwaka 2024 nchi hiyo ilichukua takriban kilo milioni 206 kati ya milioni 594. Olenguruone, kwenye ukingo wa msitu wa Mau katika Kaunti ya Nakuru, ni miongoni mwa sehemu zinazolisha soko hilo. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa uzito wa majani mabichi, kisha hungoja bonasi hesabu za mwaka zikifungwa. Ukubwa wa bonasi hiyo hutegemea sana afya ya mfuko wa mnunuzi aliye ng'ambo ya Bahari ya Arabu.

Biashara hii haikuanzishwa na mabalozi. Hadi mwaka 1971 Pakistan ilipata chai kutoka Sylhet, upande wake wa mashariki. Upande huo ulipojitenga ukawa Bangladesh, mashamba yalikwenda nao, wanywaji wakabaki magharibi. Sri Lanka iliziba pengo kwanza. Kenya ikaja kuipiku. Wakati huo wakulima wadogo wa Kenya walikuwa wakipanda chai kwa wingi chini ya KTDA, shirika la kuendeleza chai ya wakulima wadogo lililoundwa mwaka 1964. Chai yao ya punje ndogo hukolea haraka na huvumilia kuchemshwa na maziwa, na hivyo ndivyo inavyopendwa Lahore kama inavyopendwa Nakuru.

Nguvu ya uhusiano huu ni mazoea ya kinywa, na mazoea hayavunjwi upesi. Udhaifu wake ni sarafu. Katika mnada wa Mombasa chai huuzwa kwa dola za Marekani, kwa hiyo Pakistan ikikaukiwa na dola, kiu ya watu wake haitoshi kununua. Juni 2022 waziri wa Pakistan, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili kwa siku ili kuokoa fedha za kigeni. Mapema mwaka 2023 akiba ya dola ilipungua hadi makontena yakakwama bandarini Karachi, kwa kuwa benki hazikuweza kuyalipia. Kenya nayo ilikuwa imeweka, tangu Julai 2021, bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ili kumkinga mkulima. Bei ilisimama, lakini chai nyingi ikalala ghalani bila mnunuzi.

Mchele unaonyesha gharama nyingine ya uhusiano huu. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75, ila Kenya imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35. Nafuu hiyo huunufaisha mchele wa Pakistan, na sababu inayotajwa mara nyingi ni hofu ya kulipiziwa kwenye chai. Mkulima wa mpunga wa Mwea nchini Kenya, anayeshindana na mchele huo, anachangia kulinda soko la mkulima wa Olenguruone bila yeyote kumwomba ridhaa.

Kwa upande wa ulinzi, mataifa haya hayafungwi na jambo kubwa. Yote mawili hupeleka wanajeshi katika operesheni za Umoja wa Mataifa, na yote ni wanachama wa ushirikiano wa kijeshi wa baharini wenye makao yake Bahrain. Maslahi ya pamoja yanaonekana zaidi majini: meli inayotoka Mombasa kwenda Karachi hupita karibu na bahari ya Somalia, ambako maharamia walitisha sana biashara mwishoni mwa miaka ya 2000.

Diplomasia ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Oktoba 2022 polisi wa Kenya walimuua kwa risasi mwanahabari wa Pakistan Arshad Sharif huko Kajiado. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mauaji hayo yalikuwa kinyume cha sheria. Uchungu ulikuwa mkubwa, lakini chai iliendelea kununuliwa. Sudan, mnunuzi mwingine wa chai ya Kenya, haikuvumilia hivyo ilipoudhika. Nairobi ilipowapokea Februari 2025 viongozi wa RSF, kundi la wapiganaji linalopigana na jeshi la Sudan, serikali ya jeshi ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya mwezi uliofuata, chai ikiwemo. Uamuzi ulifanyika katika kumbi za mikutano, hasara ikashuka hadi kwenye vikapu vya wachumaji.

Kuiacha Pakistan si jibu, maana hakuna mnunuzi mwingine anayeweza kumeza shehena hiyo kwa mara moja. Njia ya busara ni kupunguza uzito uliowekwa juu ya jani hili na mnunuzi mmoja: kuuza sehemu kubwa zaidi ya chai ikiwa imefungashwa kwa jina la Kenya, kukuza wanunuzi wa pili na wa tatu, na kupatana na Pakistan kwa maandishi kuhusu ushuru wa chai na mchele, ili Mwea na Olenguruone zijue zinachopata na zinachotoa.